Kupiga taimulapsi ya jua kuzama mpaka usiku bila video kupepesa

Kama umeshawahi kuweka kamera kwenye tripodi jioni ukaiachia ipige picha moja kila sekunde kumi, afu ukaja kuziunganisha ukakuta video inapepesa kama taa yenye waya uliolegea, huu mwongozo ni wako. Mi nimepoteza jioni nyingi sana kwa hilo tatizo. Ya kwanza nakumbuka nilikaa karibu saa mbili na nusu nje, mawingu yalikuwa mazuri mno, nikarudi na picha zaidi ya mia nane, na video yote ikawa inaruka ruka kuanzia jua lilipoanza kushuka mpaka mwisho.

Tatizo liko hivi. Kamera ikiwa kwenye oto inapima mwanga upya kila inapopiga, haina kumbukumbu ya picha iliyopita. Gari likipita na taa zake inaona mwanga umeongezeka, inapunguza, gari likiondoka inaongeza tena. Wingu dogo likikaa katikati ya fremu, hivyo hivyo. Ukiangalia picha moja moja zote ziko poa kabisa, tofauti yake ni theluthi ya stopu tu na macho hayawezi kuiona, lakini zikishaanza kupita 25 kwa sekunde jicho linaikamata papo hapo. (Stopu moja, kwa asiyejua, ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Kamera nyingi zinasogea kwa hatua za theluthi ya stopu.)

Na ukisema basi naweka manyuo tupu sigusi kitu, ndani ya dakika ishirini picha imekuwa nyeusi. Kwahiyo tunachotafuta ni kitu cha katikati: oto, lakini oto yenye kumbukumbu, inayosogea taratibu kama mwanga wenyewe unavyosogea. Kazi hiyo tutaipa skripti, yaani programu fupi kwenye kompyuta iliyounganishwa na kamera.

Kwanza ujue mwanga unapungua kwa kasi gani

Hii sehemu watu wengi wanairuka na ndo ina majibu yote. Anga likiwa safi, jua linapogusa upeo mwanga uliopo nje ni kama lux 400 (lux ni kipimo cha mwanga). Jua likifika digrii 6 chini ya upeo zimebaki lux 3.4 hivi. Likifika digrii 12 chini ni kama lux 0.008. Ukipiga hesabu, kipande cha kwanza ni karibu stopu 7 na cha pili ni karibu stopu 9, jumla kama 16.

Sasa karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, yaani hizo digrii 6 linazimaliza kwa dakika 24 hivi. Stopu 16 ndani ya dakika 48. Hiyo ni theluthi ya stopu kila dakika moja! Ukiwa mbali na ikweta jua linashuka kwa mshazari kwahiyo linachukua muda mrefu zaidi na kasi inakuwa ndogo, ila ukijipanga kwa ile kasi ya ikweta huwezi kuzidiwa popote pale.

Ishike hiyo namba, theluthi ya stopu kwa dakika, maana tutaitumia mpaka mwisho. Ukipiga picha kila sekunde 10 unakuwa na picha 6 kwa dakika, kwahiyo kati ya picha na picha mwanga unapungua kama 1/18 ya stopu tu. Kidogo sana. Ikitokea kipimo chako kinakwambia mwanga umepungua stopu nzima kati ya picha mbili, jua halijafanya hivyo, kuna kitu kimepita mbele ya kamera.

Hatua ya 1: funga kila kinachoweza kujibadilisha chenyewe

Modi iwe M, yaani manyuo. Fokasi manyuo, lenga kitu cha mbali ukiwa bado unaona vizuri, afu bandika kipande cha tepu kwenye pete ya fokasi isisogee. Waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) usiiache oto hata kidogo, weka ya jua au andika 5200K na uiache hapo, rangi utairekebisha baadaye kwenye RAW (faili ghafi la picha ambalo kamera haijalichakata). Piga RAW pamoja na JPEG ndogo, hiyo JPEG ndo tutaipima. Zima kinga ya mtikisiko ya lenzi, maana kwenye tripodi inaweza kusogeza picha kidogo kidogo yenyewe. Zima pia zile huduma za kamera za kung'arisha vivuli, kila kampuni ina jina lake ila kazi ni moja, zinabadilisha JPEG bila kukuambia na kipimo chako kitadanganyika.

Kuna moja inaumiza watu sana: kupunguza chengachenga kwa picha za shata ndefu (shata ni muda ambao kamera inaacha mwanga uingie). Ikiwa imewashwa, kamera ikimaliza kupiga sekunde 8 inapiga tena sekunde 8 nyingine za giza ili itoe chengachenga, na muda wote huo haiwezi kupiga picha yako inayofuata. Utakuta mpaka jua linazama kila kitu kilikuwa sawa, usiku ukiingia picha zinaruka moja moja. Zima.

Halafu tundu la lenzi. Hili linapepesa video hata kama umeweka M na hujagusa chochote. Lenzi za kisasa zinakaa wazi kabisa muda wote, zinajifunga mpaka f (namba ya ukubwa wa tundu) uliyochagua pale tu picha inapopigwa, na zile bledi ndogo za ndani hazirudi pale pale kwa usahihi kila mara. Ukiweka f/11 tofauti inaonekana kabisa kwenye anga. Dawa rahisi ni kupiga tundu likiwa wazi lote, mfano f/2.8 kwenye lenzi ya f/2.8, hapo bledi hazisogei kabisa. Dawa nyingine ni lenzi ya zamani yenye pete ya tundu ya kuzungusha kwa mkono, ukiweka f/4 inabaki f/4. Mi hizo lenzi za zamani nazipenda kwa kazi hii kuliko lenzi yoyote ya gharama.

Hatua ya 2: intavali

Mawingu yanayokimbia, sekunde 2 mpaka 5. Jua kuzama mpaka usiku, 8 mpaka 12. Nyota, 20 mpaka 30. Mwongozo huu natumia 10 toka mwanzo mpaka mwisho, na intavali usiibadilishe katikati maana mwendo wa mawingu utabadilika ghafla kwenye video.

Ukianza dakika 40 kabla jua halijazama ukamaliza dakika 80 baadaye ni saa 2, picha 720, kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde unapata sekunde 28.8. Kama RAW yako moja ni MB 25 hiyo ni GB 18, hakikisha memori kadi ina nafasi. Betri iwe imejaa kabisa, au tumia umeme wa nje.

Intavali ndo inaweka kikomo cha shata. Kwenye sekunde 10 shata isizidi 8, zile mbili zinazobaki ni za kamera kuandika kwenye kadi na kompyuta kupima.

Hatua ya 3: mwanzo na mwisho

Piga picha moja ya majaribio saa ile unaanza. Tuseme imetoka vizuri kwa 1/500, f/2.8, ISO 100 (ISO ni jinsi kamera inavyohisi mwanga). Hapo tunapaita sifuri. Kila tukiongeza stopu moja tunahesabu kwenda juu.

Kutoka 1/500 mpaka sekunde 8 ni stopu 12: 1/500, 1/250, 1/125, 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, 1/2, 1, 2, 4, 8. Zikiisha hizo ndo tunaanza kupandisha ISO, 100 mpaka 1600 ni stopu 4. Jumla 16. Umeona zinavyolingana na zile za jua. Ndo maana nikachagua sekunde 10 na f/2.8, ukianza na f/8 utaishiwa shata mapema na itabidi ISO ipande mpaka 12800.

Mpangilio ni huo siku zote: shata kwanza mpaka iishe, ISO baadaye. ISO ikiwa chini sehemu zenye mwanga mkali hazichomeki haraka na chengachenga ni chache, na shata ikirefuka vitu vinavyotembea vinakuwa laini zaidi. Tundu halisogei kabisa.

Halafu kitu kidogo kuhusu namba za shata. 30 iliyoandikwa kwenye kamera nyingi ni sekunde 32 kiukweli, 15 ni 16, 1/60 ni 1/64, na 1/500 ni 1/512. Kamera inazungusha namba ili zisomeke vizuri. Kwenye hesabu usitumie kilichoandikwa, hesabu hatua: kila hatua ni theluthi ya stopu, basi.

Hatua ya 4: kupima mwanga wa picha

Hapa ndo penye utamu wenyewe. Kila picha ikishapigwa, skripti inachukua ile JPEG ndogo, inaipunguza mpaka ukubwa wa kama piseli 200 upana, inatafuta mwangaza wake kwa namba moja. Inaonekana rahisi lakini kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza: namba za piseli kwenye JPEG, zile 0 mpaka 255, siyo kiasi cha mwanga. Zimekunjwa ili zilingane na macho yetu. Kijivu cha kati, ambacho kinarudisha asilimia 18 ya mwanga, kwenye sRGB (mfumo wa rangi wa JPEG) kinakuwa kama 118, siyo 46. Sasa chukua picha yenye wastani wa 90. Ukiangalia 90 na 118 unasema aa, imepungua kidogo tu, kama robo. Ikunjue kwanza: 90 gawa kwa 255 ni 0.353, jumlisha 0.055, gawa kwa 1.055, ipandishe kwa kipeo cha 2.4, unapata 0.102. Lengo ni 0.18. 0.18 gawa kwa 0.102 ni 1.76, na logi yake ya msingi wa 2 ni 0.82. Yaani picha imepungukiwa na stopu 0.82! Ukitumia namba za JPEG moja kwa moja skripti yako itakuwa inachelewa siku zote na hutajua kwanini. Kwahiyo kunjua kila piseli kwanza, afu ndo upige wastani.

(JPEG ya kamera ina kontrasti yake ya ziada kwahiyo hesabu haitakuwa kamili asilimia mia, weka staili ya picha isiyo na kontrasti nyingi, na usihangaike sana, kosa linakuwa sifuri pale picha inapokuwa kwenye lengo na kila picha inapimwa upya.)

Mtego wa pili: kitu gani unakipima. Jua lenyewe, taa za barabarani, mwanga wa gari, hivi vyote vinavuta wastani. Mi nafanya hivi: natupa asilimia 10 ya piseli zenye mwanga mkali zaidi na asilimia 10 zenye giza zaidi, afu wastani unatoka kwenye zilizobaki. Kama kwenye fremu kuna barabara au madirisha mengi naikata hiyo sehemu kabisa isihesabiwe, napima anga na ardhi tu. Usipime anga peke yake lakini, maana usiku usio na mbalamwezi skripti itajitahidi kulifanya anga liwe kama la mchana.

Hatua ya 5: kumbukumbu

Tuna E, ambayo ni eksposha (kiasi cha mwangaza tunachoipa picha) ya sasa kwa stopu kuanzia ile sifuri yetu. Tuna m, mwangaza uliopimwa. Kwanza tunajiuliza, kwa hii picha eksposha iliyotakiwa kweli ilikuwa ngapi? Ni E jumlisha logi ya lengo gawa kwa m. Tuseme E ilikuwa 3.0 na m ni ile 0.102. Hitaji ni 3.82.

Usirukie 3.82. Hiyo ni picha moja tu, inawezekana ni kivuli cha ndege. Tunaweka namba ya pili, K, hii ndo kumbukumbu, na kila picha inaruhusiwa kuivuta K kidogo tu:

```
hitaji = E + math.log2(lengo / m)
hitaji = min(max(hitaji, K - 0.5), K + 0.5)
K = K + 0.2 * (hitaji - K)

if K - E > 0.2:
    E = E + 1/3
elif E - K > 0.2:
    E = E - 1/3
```

K ikiwa 3.10, mstari wa pili kwanza unakata hitaji kutoka 3.82 kuwa 3.60, afu mstari wa tatu unaisogeza K mpaka 3.20. Huo mstari wa pili ndo ngao yako. Radi ikipiga, hata kama picha imekuwa nyeupe yote, K inasogea 0.1 tu, na picha zinazofuata zinairudisha taratibu. Bila ngao radi moja inakuharibia sekunde nzima ya video.

Ile 0.2 ndo roho ya kitu chote, kaa nayo kidogo. Ukiweka kubwa, mfano 0.8, umerudi kule kule kwenye oto isiyo na kumbukumbu. Ukiweka ndogo sana, mfano 0.05, K inachelewa: mwanga unapungua 1/18 ya stopu kila picha, gawa kwa 0.05, K inakuwa nyuma ya mwanga zaidi ya stopu nzima, na ile ngao ya 0.5 inaifanya ishindwe kabisa kukimbiza. Kwa 0.2 inachelewa kama robo ya stopu. Na robo ya stopu ya giza jua linapozama inapendeza, kwa macho yangu inafanya jioni ionekane jioni. Ukibadilisha intavali kuwa sekunde 5, mwanga kati ya picha na picha unapungua nusu yake, hapo unaweza kushuka mpaka 0.1.

Halafu E inasogea pale tu K ikiiacha kwa zaidi ya 0.2. Kama usingeweka hiyo nafasi, K ikikaa katikati ya hatua mbili E ingekuwa inapanda inashuka, inapanda inashuka, kila picha. Hiyo ni kupepesa uliyojitengenezea mwenyewe.

Kitu kingine cha muhimu, lengo lisibaki 0.18 usiku kucha. Usiku ukipigwa kwa mwangaza wa mchana unaonekana kama mchana mbovu, nyota zipo ila anga ni la kijivu. Mi naliacha lengo lishuke lenyewe taratibu kadiri K inavyopanda: lengo = 0.18 * 2 ** (-K / 12). Kila stopu 12 za giza, lengo linashuka stopu moja. K ikifika 16 lengo limeshuka kama stopu moja na theluthi. Ijaribu kwa macho yako, wengine wanapenda giza zaidi.

Hatua ya 6: masalio

K ni namba laini, E inaruka kwa theluthi. Kwenye mfano wetu tuseme baada ya picha nyingine K imefika 3.24, E inapanda kutoka 3.0 mpaka 3.33. Picha inayofuata itakuwa na mwanga wa ziada wa 0.09 kuliko K inavyotaka. Usiiache hiyo 0.09 ipotee. Andika kwenye faili, jina la picha na K toa E, ambayo hapa ni -0.09. Baadaye kwenye RAW unaongeza au unapunguza eksposha kwa kiasi hicho hicho kwa kila picha, na ngazi zote zinageuka kuwa mteremko mmoja laini. Kazi ya dakika mbili kwenye skripti, na ndo inayotofautisha video nzuri na video safi kabisa.

Kama unatumia kamera ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenyewe mambo ni rahisi zaidi, haina hatua za theluthi. Kwenye picamera2, maktaba ya Python ya kamera hiyo, unazima AeEnable na AwbEnable, unaweka ExposureTime kwa maikrosekunde, AnalogueGain na ColourGains. K inaenda moja kwa moja, hakuna masalio.

Hatua ya 7: kuiamuru kamera

Kwa DSLR au mirrorless nyingi natumia gphoto2 (programu ya kuiamuru kamera) kwenye Raspberry Pi au laptopu yenye Linux, kwa waya wa USB. Cheki kwanza kamera yako inaita vitu kwa majina gani:

```
gphoto2 --list-config
gphoto2 --get-config shutterspeed
gphoto2 --get-config iso
```

Inakupa orodha ya shata zote. Nyingine zinaandika 1/500, nyingine 0.0020s, nakili jinsi ilivyo. Tengeneza orodha moja ndefu kwenye skripti, shata kuanzia 1/500 mpaka 8, hatua 36, afu ISO 125, 160, 200 mpaka 1600, hatua 12. E mara 3 ndo nafasi kwenye orodha. Ikifika mwisho ibaki hapo hapo, isitafute kitu kisichokuwepo.

Ukiona inakwambia haiwezi kuichukua USB, mara nyingi ni mfumo wa desktopu wenyewe umeshaishika kamera ukidhani unataka kunakili picha. Izime programu ya gvfs-gphoto2-volume-monitor afu jaribu tena.

Na saa. Usiandike "piga, pima, lala sekunde 10". Kupiga na kupima kunakula muda wake, na muda huo unakua shata inapokuwa ndefu, kwahiyo intavali yako itakuwa 10.7 jioni na 19 usiku, na mawingu yatabadilisha mwendo. Andika muda wa picha ya kwanza, picha ya n inapigwa kwenye muda huo jumlisha n mara 10, skripti inalala mpaka muda huo ufike.

Programu zilizo tayari pia zipo kama hutaki kuandika mwenyewe. qDslrDashboard inafanya hii kazi kwa simu au tableti, na Timelapse+ VIEW ni kiboksi kidogo kilichotengenezwa kwa ajili hii hii. Kamera nyingi za Nikon za miaka ya karibuni zina kulainisha eksposha ndani ya menyu ya picha za intavali. Ila ukielewa hesabu ya hapo juu utajua cha kurekebisha zikikosea.

Kama huna kompyuta kabisa

Mkono unaweza. Kamera kwenye M, rimoti inapiga kila sekunde 10, wewe unaangalia histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha. Kilima kikihamia kushoto, ongeza hatua moja ya shata kati ya picha na picha, gusa kwa ncha ya kidole tu tripodi isitikisike. Hatua 48 kwenye dakika 48, yaani kila dakika moja unagusa mara moja. Inachosha, lakini inatoa kazi nzuri sana, na mara nyingi mkono unashinda modi ya A au Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata) ambayo ina tatizo lile lile la kutokumbuka. Ukilazimika kutumia Av, punguza eksposha theluthi mbili ya stopu, funika kitundu cha kuchungulia kama ni DSLR maana mwanga wa nyuma unaingia humo unadanganya kipimo, na ujue kipimo cha kamera kinafika mahali hakioni tena kwenye giza.

Hatua ya 8: jaribu kabla ya siku yenyewe

Usisubiri jioni ya mawingu mazuri ndo ujaribu. Weka kamera chumbani, anza kupiga picha, afu funga pazia taratibu ndani ya dakika kumi. Angalia faili lako: K inatakiwa ishuke au ipande kama mteremko, bila meno. Afu piga tochi mbele ya lenzi kwa picha moja, K isogee 0.1 tu irudi. Mwisho ifunike lenzi kabisa uone skripti ikifika mwisho wa orodha inafanyaje, na hakikisha umezuia m isiwe sifuri, maana logi ya kugawa kwa sifuri inaizima skripti katikati ya usiku. Mimi ilinizimia hivyo, kofia ya lenzi ilikuwa bado iko juu.

Hatua ya 9: kuunganisha

Rekebisha masalio kwanza, halafu rangi. Ukiwa na LRTimelapse (programu ya kuhariri taimulapsi) ile kazi ya ngazi inafanya yenyewe na ina sehemu ya kuondoa kupepesa kwa kuangalia picha zenyewe. Bila hiyo, toa JPEG zako zilizorekebishwa na upitishe kwenye ffmpeg, programu ya kugeuza picha kuwa video:

```
ffmpeg -framerate 25 -i picha_%04d.jpg -vf deflicker=size=10 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p jioni.mp4
```

deflicker inalinganisha mwangaza wa fremu zilizo jirani na inasafisha vitu vidogo vilivyobaki. Isiwe ya kwanza, iwe ya mwisho. Ukiipa video inayoruka theluthi nzima itajitahidi lakini utaona kivuli cha mruko.

Waiti balansi usiibadilishe kwa picha moja, weka alama mbili tatu: 5200K jua likiwepo, kama 4500K anga likiwa bluu, 3900K hivi usiku, na katikati iteremke taratibu.

Alfajiri ni kinyume, ila siyo kinyume tu

Unaanza na ISO 1600 na sekunde 8, ISO inashuka kwanza mpaka 100, ndo shata ianze kufupika. Hatari yake ni kubwa kuliko jioni. Jioni K ikichelewa picha inakuwa na giza kidogo na RAW inaliokoa. Alfajiri K ikichelewa picha inaungua, na anga lililoungua halirudi. Kwahiyo alfajiri weka 0.3 badala ya 0.2, na lengo liwe chini theluthi mbili ya stopu. Panga orodha yako iende mpaka 1/4000, maana jua likichomoza mbele ya lenzi ya f/2.8, ile 1/500 ya jioni haitatosha. Na umande, lenzi ikipoa kuliko hewa inajaa ukungu saa kumi na moja alfajiri wakati wewe umelala, zungushia mkanda wa joto wa USB kabla hujaanza, siyo baada ya kuona picha zimefifia.